Mnaoanza kutafsiri mambo ya hela: "billion" ya Mjerumani sio bilioni yako

Nyie mnaoingia kwenye kazi ya kutafsiri, hasa mtakaopewa ripoti za mabenki, bajeti na habari za uchumi kutoka Ulaya, maneno magumu hayatawasumbua sana manake neno gumu utalitafuta tu. Linalomwangusha mtu ni lile analodhani analijua, na kwangu mimi namba moja ni billion. Unaliona limefanana kabisa na bilioni yetu, unaandika bilioni unasonga mbele, kumbe ushapunguza hela ya watu mara elfu nzima.

Iko hivi. Sisi bilioni yetu tumeichukua kwa Mwingereza, ni moja ikifuatwa na sifuri 9. Mjerumani akisema Billion anamaanisha moja na sifuri 12, yaani ile tunayoiita trilioni, na ya sifuri 9 yeye anaiita Milliarde. Mfaransa milliard, Mholanzi na Mswidi miljard, Mpoland miliard. Hata ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanasema miliari kwa sababu shule na ofisi zao zilipitia kwenye Kifaransa cha Mbelgiji, kwa hiyo ukikuta Mswahili wa Bujumbura kaandika miliari tano usimsahihishe, ni bilioni tano yako hiyo hiyo.

Ukiangalia asili ya neno, Mjerumani ndo yuko sahihi zaidi, ingawa Waingereza hawapendi kusikia. Milioni imetoka kwa Waitaliano, mille ni elfu, wakaiongezea mkia wa kukuza kitu ikawa milione, kama kusema lielfu hivi. Halafu mwaka 1484 Mfaransa mmoja, Nicolas Chuquet, akaandika majina ya namba kubwa kwa mpango: bi ni mbili, basi byllion ni milioni mara milioni, tri ni tatu, basi tryllion ni milioni ikizidishwa hivyo mara tatu, na kuendelea. Safi kabisa, jina lenyewe linakupa hesabu. Shida ikaja karne ya 17 hukohuko Ufaransa, baadhi ya watu wakaanza kukata tarakimu tatutatu na billion ikashuka mpaka sifuri 9, Wamarekani wakabeba hiyo, Waingereza wakabaki na ile ya zamani mpaka 1974 waziri mkuu wao Harold Wilson alipoliambia bunge kwamba takwimu za serikali zitafuata maana ya sifuri 9. Na kituko ni kwamba Wafaransa wenyewe, walioanzisha huo mchezo wa kushusha, walirudi rasmi kwenye ile kubwa mwaka 1961, yaani mmoja anaingia mwingine keshatoka.

Ndo maana nasema kabla hujagusa namba angalia vitu viwili, maandishi yametoka nchi gani na mwaka gani. Kitabu cha Kiingereza cha miaka ya 1950 kilichochapwa London sio sawa na cha New York cha mwaka huohuo. Kifaransa cha karne ya 19 nacho usikiamini haraka.

Sasa mitego ya kila siku. Kwenye majedwali ya Kijerumani juu kabisa utaona Tsd., Mio., Mrd. au Bio., hizo ni elfu, milioni, bilioni yetu na trilioni yetu. Na Mjerumani nukta anaitumia kutenga maelfu, desimali anaweka mkato, kwa hiyo akiandika 1.500 Mrd. sio bilioni moja na nusu, ni bilioni elfu moja na mia tano, yaani trilioni moja na nusu. Hapo makosa mawili yanaweza kukaa kwenye mstari mmoja na hakuna atakayeshtuka. Mfaransa yeye siku hizi billion haigusi kabisa, magazeti yao yanaandika deni la taifa ni milliards 3,000 na kitu, we ukimwandikia msomaji wa Dar weka trilioni 3 na kitu. Mrusi ana yake: miliard ya sifuri 9, halafu anaruka moja kwa moja kwenye trillion ya sifuri 12 kama sisi, wakati Trillion ya Mjerumani ina sifuri 18. Kireno nacho tahajia ndo inakuokoa, ukiona bilhão huyo ni wa Brazil na ni sifuri 9, ukiona bilião huyo ni wa Ureno na ni 12, manake wa Lisbon ile ya sifuri 9 anaiita mil milhões. Mhispania naye hivyohivyo, mil millones, na billón yake ni ya 12.

Njia ya kujikagua ni kugawa kwa vichwa vya watu. Deni la serikali za Ujerumani limepita Billionen 2 za euro, watu wao ni kama milioni 83. Ukitafsiri bilioni 2 maana yake kila Mjerumani anadaiwa euro 24, hela ya pizza mbili, kweli hiyo? Weka trilioni 2 unapata euro elfu 24 kila mtu, hapo sawa. Historia nayo ipime vilevile: Novemba 1923 pesa ya Ujerumani ilipopoteza thamani, dola moja ilifika mark Billionen 4.2, na mark mpya moja ilibadilishwa kwa Billion moja ya zile za zamani. Ni trilioni hizo jamani, ila nishawahi kuziona zimeandikwa bilioni kwenye Kiswahili na maisha yakaendelea.

Mashine za kutafsiri siku hizi sentensi za kawaida zinajitahidi, ila majedwali, michoro na vifupisho msiziachie. Mimi huwa naandika sifuri zote pembeni kwenye rasimu, nahesabu, ndo nachagua neno. Na klayenti akiwa wa Lubumbashi au Bujumbura muulize mapema anataka bilioni au miliari, na hiyo trilioni usimwandikie kabisa, andika miliari elfu moja, atakuelewa.