Umesomea vayolini ya klasiki na unataka kuingia bongo fleva? Soma hii kwanza

Mimi nimekulia kwenye nota, mitihani ya gredi, Bach, Vivaldi na mambo yote yale, na siku hizi hela inatoka zaidi kwenye harusi na studio za bongo fleva, kwa hiyo vijana wananiuliza sana klasiki waiache lini. Jamani msiiache.

Angalia wapiga vayolini waliovuka kweli kutoka klasiki kwenda pop. Vanessa-Mae watu wanamjua kwa ile albamu ya 1995 na vayolini ya umeme, lakini 1991 akiwa bado mtoto alisharekodi konchato (vipande virefu vya vayolini na okestra) za Beethoven na Tchaikovsky. Nigel Kennedy naye katoka shule ya Yehudi Menuhin, akarekodi muziki wa Elgar, mtunzi wa klasiki, 1987 akasikika kwenye wimbo wa Paul McCartney, halafu rekodi yake ya Vivaldi ya 1989 ikauza nakala zaidi ya milioni 2. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kitakachokusumbua sio vidole, ni sikio. Mazoezini na bendi hakuna wa kukupa karatasi, mpiga kinanda anakwambia tu tunaanza ki ya E maina, poa, nyuzi zako zote nne zimo kwenye hiyo skeli, yaani ngazi ya nota za wimbo, mara muimbaji anasema koo leo limebana tushushe nusu toni, hapo mko E flati maina na hakuna hata uzi mmoja ulio wazi (usioshikwa na kidole) utakaokusaidia, na wimbo ushaanza! Dawa yake ni kila siku chukua wimbo mmoja wa redioni, tafuta besi kwa sikio, kisha piga melodi kwenye ki tatu tofauti bila kuandika chochote.

Studio ni kitu kingine. Punguza kutikisa kidole kwenye uzi (vibrato), maiki iko karibu na inanasa kila kitu, na kaa ndani ya kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo unaousikia kwenye hedifoni, ile tabia yetu ya kuvuta mwisho wa sentensi ya muziki huku inaharibu. Prodyuza akitaka vayolini nyingi utarudia mstari uleule mara kadhaa, basi kila mara sogea kidogo kutoka kwenye maiki na ubadilishe pozisheni ya mkono kwenye vayolini, la sivyo inasikika ni mtu mmoja tu.

Ukumbini nenda na pikapu (kinasa sauti cha kubandika kwenye vayolini) na priampu (kifaa cha kuikuza hiyo sauti) yako mwenyewe, maana maiki ya kawaida karibu na spika inapiga mluzi, na bei mkubaliane kabla hujafungua boksi.

Halafu kama upo Dar au Zanzibar nakuomba ukakae na wazee wa taarab wanaopiga fidla, yaani vayolini hiyohiyo. Wanashika sauti zilizo katikati ya nota za piano, na muimbaji akimaliza mstari tu wao washamjibu. Huko kumjibu muimbaji ndo prodyuza wanakotafuta kila siku, na kwenye gredi zote nilizofanya hakuna aliyenifundisha.