Usiitoe hiyo miche kivulini Jumamosi!

Mkuu, weka jembe chini kwanza. Umeuliza nafasi, mbolea na kama uchume maua ya mwanzo, halafu ukadokeza kwamba miche yako ya hoho ina wiki 6, haijawahi kutoka chini ya neti, na Jumamosi asubuhi unaipeleka shambani "jua likiwa zuri". Hilo jua zuri ndilo lililonimaliza mimi.

Nilikuwa na miche 400. Mashina manene, majani sita sita, mgeni akija namburuta kitalu kwanza ndipo apewe kiti. Bingwa mmoja aliyeniuzia mbegu akanihakikishia kwamba hoho ni zao la jua, haibembelezwi. Nikapandikiza saa tatu asubuhi. Saa nane mchana yote imelala. Nikadhani kiu, nikamwaga maji. Jioni nikamwaga tena, na kesho yake tena, maana mimi ni mtu wa huruma. Siku ya tatu majani yana mabaka meupe, makavu, ukiyagusa yanavunjika kama karatasi. Iliyoponea jua ikaoza shina pale usawa wa udongo kwa maji yangu ya huruma. Ikabaki 60 na kitu. Bingwa nilipompigia akasema mbegu zilikuwa dhaifu. Mbegu zake mwenyewe! Nyumbani hadi leo neno "hoho" halitamkwi mbele yangu.

Jani lililokulia kivulini ni laini, halijui jua kali wala upepo. Lizoeshe siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza saa moja tu ya jua la asubuhi, kisha rudisha kivulini. Siku ya pili muda wa saa mbili, uongeze hivyo hivyo mpaka miche ishinde nje kutwa. Maji punguza kidogo, ila usiiache inyauke. Ukiona majani yanapauka, umekimbia, rudi nyuma siku moja.

Na hata ikishazoea, pandikiza jioni au siku ya mawingu. Mwagilia trei kabla ya kung'oa ili udongo ushikane na mizizi, shika bonge la udongo, si shina.

Nafasi sentimita 45 mche hadi mche inatosha, hilo halijawahi kumliza mtu.

Jumamosi basi, toa trei saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili na nusu ikukute unairudisha. Hata kama jirani anacheka.