Maswali ya Wasomaji: Dawa ya magugu na samadi

SWALI: Asalamu alaykum bwana shamba, nipo Micheweni, Pemba. Jirani kapiga dawa ya magugu kwenye malisho, ng'ombe wangu wanakula hapohapo na samadi yao naitia kwenye tungule (nyanya), sahivi majani machanga yanajikunja. Dawa inakaa udongoni muda gani?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Inategemea dawa gani, muulize jirani akuoneshe lebo ya chupa. 2,4-D huoza haraka, wiki chache tu. Glaifoseti hushikwa sana na udongo wa mfinyanzi haitembei mbali. Ninazoziogopa mimi ni pikloramu na aminopiralidi, hizi ng'ombe anakula majani na dawa inapita tumboni inatoka kwenye mavi bado kali, na kurundika samadi ioze hakuimalizi, inaweza kukaa miezi mingi hata kupita mwaka! Tungule na maharage ndo zinaumia mwanzo, mahindi huvumilia. Na pikloramu inafuata maji, kwenye mawe kama huko kwenu udongo mwembamba mvua ya masika inaishusha chini mpaka visimani, kwa hiyo karibu na kisima isipigwe kabisa.

Samadi hiyo acha kuitia, kwanza changanya na udongo kwenye kopo kisha upande maharage, yakiota yamejikunja samadi hiyo ipeleke kwenye malisho ya ng'ombe.