Maji ya tumboni kwa mgonjwa wa ini: usiishie kusema "ni ini tu"

Mkuu uliye Masasi, umeuliza kama mgonjwa wako mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, anayekonda na kupata homa za jioni, maji yake ya tumboni yanatoka kwenye ini au ni TB. Altrasaundi itakuonyesha ini lililosinyaa, wengu uliokua, pengine na uvimbe. Chanzo cha maji utakipata kwenye maji yenyewe, kwa hiyo mtoboe tumbo kwa sindano leo.

Akojoe kwanza. Choma kushoto chini, vidole viwili ndani na viwili juu ya ncha ya mfupa wa nyonga, ukikwepa makovu ya operesheni. Damu kuchelewa kuganda kusikutishe, kumwongezea plazma (ya kusaidia damu kugande) hakuhitajiki kwanza.

Mililita 30 hivi zinatosha. Weka 10 kwenye kila chupa ya kuotesha vijidudu vya damu, hapohapo kitandani, maana maji yakipelekwa maabara ndani ya sirinji mara nyingi hayaoteshi kitu. Chupa ya zambarau ni ya kuhesabu seli, nyekundu ni ya albumini (protini kuu ya damu) na protini yote. Halafu toa damu ya albumini siku hiyohiyo. Wengi huokota jibu la wiki iliyopita kwenye faili, na hesabu yote inaharibika.

Chukua albumini ya damu, toa ya maji. Tuseme 27 kutoa 9, inabaki 18. Ikifika gramu 11 kwa lita au kuzidi, presha ya mshipa unaoingia kwenye ini iko juu (maabara ikiandika kwa desilita, mpaka ni 1.1). Protini ya maji ikiwa 25 au zaidi hapo, kagua moyo. Tofauti ya albumini ikibaki chini ya 11, fikiria TB, saratani ya utando wa tumbo au figo zinazovujisha protini.

Sasa mtego wa mgonjwa wako: mwenye sirosisi (ini lililojaa makovu) akipata TB, tofauti inaweza kubaki juu ya 11, kwa kuwa presha ya ini ipo palepale. 18 haiondoi TB. Limfosaiti (aina ya seli nyeupe) zikitawala kwenye maji, itafute TB: picha ya kifua, makohozi, HIV, na ikibidi rufaa akachukuliwe kinyama cha utando. GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) ya maji ikiwa hasi haifungi kesi, vijidudu huwa vichache mno.

Nyutrofili (seli nyeupe za kupambana na bakteria) zikifika 250 kwa milimita ya ujazo, chukulia maji yana maambukizi, anza antibiotiki ya ceftriaxone bila kungoja majibu ya kuotesha. Maji yakiwa na damu, punguza nyutrofili 1 kwa kila seli nyekundu 250; kama damu haikutokana na sindano, saratani ya ini iwe juu kwenye orodha yako.

Kichocho? Kilichozoeleka huku kwetu Mtwara na Lindi ni cha mkojo. Kile kinachoharibu ini kipo zaidi Kanda ya Ziwa, basi muulize kama amewahi kuishi huko.