Jina la zao letu ni mali ya nani? Maswali yenu na majibu

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu sheria inayolinda mazao yenye sifa ya mahali yalikotoka, kile wanasheria wanaita viashiria vya kijiografia, na maswali yamemiminika mpaka nimeamua safu nzima ya leo iwe ya mada hiyo hiyo. Mengi yalikuwa yanafanana kwahiyo nimechagua machache na kuyafupisha.

Habari za kazi mhariri. Kahawa yetu inajulikana kwa jina la milima yetu na wanunuzi wanaiulizia kwa jina kabisa. Sasa kuna mtu anauza kahawa ya kutoka kwingine halafu pakiti kaandika jina letu. Nikimwambia anajibu jina la mlima halina mwenyewe. Ni kweli? (Mkulima wa kahawa)

Sio kweli ndugu yangu, ila huyo jamaa ana pa kujificha kama nyie wenyewe hamjafanya chochote, na hapo ndo penye shida. Nchi zote zilizo kwenye Shirika la Biashara Duniani zinabanwa na mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa haki za miliki ubunifu kwenye biashara (nchi maskini kabisa zimeongezewa muda wa kuutekeleza), na kifungu cha 22 kinataka kila nchi iweke njia ya kisheria ya kumzuia mtu asiuze bidhaa kwa namna inayomdanganya mnunuzi kuhusu inakotoka. Kinacholindwa ni jina linaloonyesha bidhaa imetoka eneo fulani, pale ambapo ubora wake, au sifa iliyojijengea sokoni, au tabia yake nyingine, kwa sehemu kubwa inatokana na eneo hilo. Sio lazima vyote vitatu viwepo, kimoja kikithibitika kinatosha, kwahiyo hata kama kahawa yenu haijawahi kupimwa maabara lakini wanunuzi wa miaka nenda rudi wanaiulizia kwa jina, mna pa kuanzia.

Sasa tatizo liko kifungu cha 24, kinasema nchi nyingine hailazimiki kulinda jina ambalo halilindwi kwao lilikotoka. Maana yake kazi inaanzia nyumbani, ofisi ya miliki ubunifu ya nchi yako, huko nje kunafuata baadaye. Angalia yaliyowakuta wakulima wa rooibos wa Afrika Kusini, mmea wa kutengenezea chai unaolimwa maeneo ya Western Cape na Northern Cape. Miaka ya 1990 kampuni moja ya huko huko Afrika Kusini iliandikisha jina Rooibos kule Marekani kama alama yake ya biashara, baadaye alama ikahamia kwa kampuni ya Marekani, mvutano ukaenda mpaka 2005 ndo ikaachiwa. Leo jina hilo liko kwenye rejista ya Umoja wa Ulaya ya majina yanayolindwa tangu 2021, ila fikiria miaka yote hiyo wenye zao wanagombania jina lao wenyewe.

Kwa sasa hivi, wakati bado hamjaandikisha, kusanyeni ushahidi: pakiti zake, risiti, barua za wanunuzi, magazeti ya zamani yaliyotaja kahawa yenu. Na kalalamikeni kwenye mamlaka inayomlinda mlaji, kwa sababu lebo ya uongo ni kosa hata pale ambapo hakuna rejista yoyote.

Kwa nini tujisumbue na hayo yote, si tuandikishe tu brandi kama makampuni yanavyofanya tumalize? (Katibu wa ushirika)

Inawezekana, ila jua unachopata. Alama ya biashara ina mwenye nayo mmoja, anaweza kuiuza, kuikodisha, hata akifilisika inaweza kwenda kwa mdai wake. Kiashiria cha kijiografia hakiuzwi kwa mtu, ni haki ya kila mzalishaji aliye ndani ya eneo na anayefuata masharti, hata yule ambaye hajazaliwa bado. Halafu ofisi nyingi za alama za biashara hazipokei kirahisi jina tupu la mahali, zinaona kila mtu wa pale ana haki ya kulitumia.

Ila kuna njia ya katikati, alama ya pamoja au alama ya uthibitisho, inasimamiwa na chama na wanachama wanaitumia kwa kanuni zao, na nchi ambazo hazina sheria maalum ya viashiria ndo zinaitumia sana. Ethiopia wao walikwenda na alama za biashara kabisa, 2005 waliomba Marekani waandikishiwe majina ya kahawa zao, Harar, Sidamo na Yirgacheffe, na sababu waliyotoa ina akili: kahawa yao inalimwa na wakulima wadogo wengi waliotawanyika, kukagua kila gunia limetoka wapi kungewagharimu mno. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga, kelele zikawa nyingi, mwisho 2007 Starbucks, kampuni kubwa ya kahawa ya Marekani, wakasaini makubaliano na serikali ya Ethiopia. Mwaka huo huo Colombia, ambao wana shirikisho kubwa la wakulima tangu 1927, waliandikisha Café de Colombia Ulaya kama kiashiria cha kijiografia, zao la kwanza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kuingia rejista ile. Nchi mbili za kahawa, njia mbili, na kilichoamua ni nguvu ya kusimamia. Ushirika wenu kama bado mdogo, anzeni na alama ya pamoja, sioni aibu yoyote hapo.

Shikamoo. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa nyuki, asali yetu ina rangi na harufu ya peke yake sababu ya msitu wetu. Tunaanzia wapi, tutafute wakili? (Mama mwenye mizinga)

Marahaba mama. Wakili baadaye, kwanza kaeni chini wenyewe. Moyo wa hii kitu ni kitabu cha masharti, na hicho hakuna wakili anayeweza kuwaandikia vizuri kuliko nyie. Humo mnaandika jina, asali yenyewe ikoje, mipaka ya eneo, inavunwa na kuchujwa vipi, nani atakagua, na sehemu ambayo maombi mengi yanakwama: uhusiano kati ya msitu na asali. Hapo usiandike tu "asali yetu ni nzuri sana", wataalamu watairudisha. Eleza miti gani inachanua miezi gani, mwinuko, mvua, nyuki wenyewe, kisha onyesha hivyo vinaifanyaje asali iwe vile ilivyo. Wafaransa na jibini yao ya Roquefort, iliyopewa sheria yake 1925, wanaeleza mpaka aina ya kondoo anayekamuliwa, Lacaune, na jinsi hewa inavyopita kwenye nyufa za mapango ya mlima Combalou ambamo jibini inakomazwa. Huo ndo uzito wa maelezo unaotakiwa.

Na una wenzako wa kujifunza kwao. Asali nyeupe ya Oku ya Cameroon, inayotoka msitu wa mlima Oku, iliandikishwa 2013 kwenye shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika ambazo nyingi zinatumia Kifaransa, OAPI, sambamba na pilipili ya Penja inayolimwa kwenye udongo wa volkano. Pilipili ile baada ya kuandikishwa bei ya mkulima ilipanda sana, na 2022 ikaingia rejista ya Ulaya pia. Lakini sio kwamba cheti kilikuja kikafanya miujiza, walikuwa na chama, wakapanga nani yuko ndani nani yuko nje, wakakaa na wafanyabiashara wakakubaliana.

Mama nikwambie la muhimu kuliko yote, angalia nani anakaa mezani siku ya kuandika masharti. Kama wafungashaji na wanunuzi wakubwa ndo wameshika kalamu wataandika masharti yanayowafaa wao, mfano mashine ambayo mwenye mizinga michache hawezi kuinunua, au asali ichujwe kwenye kituo chenye vifaa fulani ambacho ni chao. Halafu kikishapitishwa kukibadilisha ni safari ndefu. Na masharti yakiwa malegevu kupita kiasi nayo ni hasara, kila asali itaingia na jina litakufa. Hakikisheni wenye mizinga ndo wengi kwenye kikao, na kila sharti likisomwa muulizane, mwenzetu mwenye uwezo mdogo kuliko wote ataliweza?

Nikichukua mbegu za zao maarufu la eneo fulani nikapanda kwangu nakosea? (Msomaji)

Kwa sheria hii hapana, panda tu. Inalinda jina, hailindi mbegu wala namna ya kulima, mbegu zina sheria zake za haki za wagunduzi wa aina za mimea na hizo ziangalie kivyake. Kosa linaanza ukiuza kwa jina la kule.

Mimi nauza vyakula. Mbona jibini ya feta na parmesan naona zimetengenezwa nchi tofauti tofauti na hakuna anayekamatwa? (Mfanyabiashara)

Inategemea unauzia wapi, sheria hizi zinafuata mipaka ya nchi. Ulaya feta ni ya Ugiriki tu. Iliandikishwa 1996, mahakama ya Umoja wa Ulaya ikafuta 1999, ikarudishwa 2002, Ujerumani na Denmark wakaenda mahakamani wakidai jina limeshakuwa la kila mtu, na 2005 wakashindwa. Haikuishia hapo, 2022 mahakama hiyo hiyo ilisema Denmark imekosa kwa kuacha makampuni yake yatengeneze jibini na kuiita feta hata kama inauzwa nje ya Ulaya. Parmesan nayo, 2008 mahakama ilikubali kwamba jina hilo linamkumbusha mnunuzi Parmigiano Reggiano ya Italia kwahiyo linaingia kwenye ulinzi wake.

Ukivuka ukaenda Marekani, kule parmesan na feta wanazihesabu kama majina ya kawaida ya aina ya jibini, na mkataba wa TRIPS unaruhusu nchi kufanya hivyo kama jina limeshazoeleka kwao. Mvinyo na pombe kali peke yake ndo zimepewa ulinzi mkali zaidi kwenye kifungu cha 23, hairuhusiwi hata ukiandika "mfano wa" au "aina ya". Mimi hili naliona ni dhuluma na sitaficha, wakulima wa chai, kahawa, viungo na asali wana haki sawa na wenye zabibu, na nchi nyingi zimekuwa zikidai ulinzi huo upanuliwe tangu mazungumzo ya Shirika la Biashara Duniani ya Doha ya 2001 na mpaka leo hakuna muafaka. Kuna mkataba mwingine wa kimataifa wa majina haya, wa Lisbon wa 1958, ambao pamoja na marekebisho yake ya Geneva ya 2015 unatoa ulinzi huo kwa mazao yote, ila unazibana nchi zilizojiunga tu.

Kwahiyo wewe kama unaagiza na kuuza, usiangalie wanavyofanya wengine, angalia rejista ya nchi unayouzia.

Lakini kweli mkulima ananufaika au ni wenye viwanda tu? (Mwanafunzi)

Inategemea, na nadhani umeuliza swali ambalo serikali nyingi hazijiulizi. Chukua tequila, pombe kali ya Mexico inayotengenezwa kwa mmea wa agave, inalindwa kwao tangu 1974, ni kati ya viashiria vya zamani kabisa nje ya Ulaya. Lakini eneo linaloruhusiwa kulima agave ni kubwa mno, jimbo zima la Jalisco na sehemu za majimbo mengine manne, na ukiacha ile iliyoandikwa ni ya agave asilimia 100, kanuni zinaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwenye vitu vingine. Agave inachukua miaka mingi kukomaa, kwahiyo mkulima anapanda bei ikiwa juu na anavuna watu wote wamepanda, bei imeanguka, na kiwanda kina uwezo wa kusubiri au kulima chake chenyewe. Jina limelindwa vizuri sana duniani kote, ila mkulima mdogo hakuwekwa ndani ya kanuni. Ukisoma kitabu cha masharti cha zao lolote tafuta mambo mawili, malighafi lazima itoke wapi na kwa kiasi gani, na kwenye bodi inayosimamia jina kuna viti vingapi vya wakulima. Hayo yatakwambia mengi.

Shamba langu liko ng'ambo ya mto, hatua chache tu kutoka eneo lililopendekezwa. Udongo ule ule, mbegu ile ile, na tumekuwa tukiuza kwa jina hilo tangu wazee wetu. Nimeambiwa niko nje ya ramani. Nifanyeje? (Mkulima wa ng'ambo)

Pole sana, na usinyamaze. Mipaka ndo inaleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Ufaransa 1908 walichora eneo la mvinyo wa Champagne wakawaacha nje wakulima wa wilaya ya Aube, na mwaka 1911 ikawa fujo kubwa, wa Aube wanaandamana kuingizwa, wa Marne waliokuwa ndani wanavunja ghala za wafanyabiashara, jeshi likaitwa. Aube waliingizwa moja kwa moja 1927.

Nchi nyingi zina kipindi cha pingamizi baada ya maombi kutangazwa, Ulaya ni miezi mitatu, kwenu ulizia ofisini kwa sababu kikipita mambo yanakuwa magumu. Peleka pingamizi kwa maandishi pamoja na majirani zako, sio peke yako, na ushahidi wa aina mbili: wa ardhi, yaani vipimo vya udongo, mwinuko na mvua vya pande zote mbili za mto, na wa historia, risiti za kuuzia, vitabu vya ushirika, ushuhuda wa wanunuzi kwamba zao la ng'ambo wamelinunua kwa jina hilo miaka yote. Na kabla hata ya pingamizi nenda kaongee na kikundi kilichoomba, mara nyingi ramani inafuata mipaka ya utawala kwa sababu ndo ilikuwa rahisi kuchora, na wao wenyewe wanaweza kuirekebisha kabla haijatangazwa.