Wageni wameondoka, sofa imeungua: nani atalipa?

SWALI

Shikamoo mama. Nina nyumba ninayopangisha kwa wageni wa siku chache kupitia programu ya simu. Kundi la mwisho lilipoondoka nilikuta sofa imetobolewa na moto wa sigara mahali pawili, kioo cha mlango wa bafu kina ufa toka juu hadi chini, na godoro lina doa kubwa. Nilipiga picha haraka haraka nikasafisha, maana wageni wengine walikuwa wanaingia jioni ile. Leo ni siku ya sita. Mgeni aliyelipia alinipigia simu akakiri kuhusu sofa, lakini kioo anasema alikikuta hivyo hivyo. Anataka anitumie pesa kidogo moja kwa moja, mradi nisiwaambie wenye programu wala nisimwandikie maoni mabaya. Nikikataa naogopa nitakosa vyote. Nifanyeje?

Mwenye nyumba

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nyumba yako ikichezewa na watu uliowakaribisha, inauma kuliko bei ya vitu vilivyoharibika.

Hiyo pesa usiipokee. Nimekadiria hasara za bima kwa miaka mingi, na makubaliano ya pembeni ndiyo yaliyowaponza watu wengi niliowahudumia. Ukishapokea kidogo nje ya programu, mgeni ana ushahidi kwamba mmemalizana, nawe huna kumbukumbu yoyote ya kuwaonyesha waamuzi. Tena ameambatanisha pesa na maoni, na hapo mnaweza kuingia matatani wote wawili. Programu ya Airbnb, kwa mfano, inakataza kutumia maoni kumshinikiza mtu, awe mgeni au mwenyeji. Kwa hiyo na wewe usije ukaandika “nilipe, la sivyo nitakuanika.” Sentensi hiyo moja inaweza kuharibu madai yaliyokuwa ya haki.

Leo hii mwandikie ndani ya programu, kwa upole: “Kwenye simu ulinieleza kuwa sofa iliungua mkiwa ndani. Naomba tulimalize suala hili hapa.” Akijibu, hata kwa kubisha nusu, kukiri kwake kumeanza kuwa na maandishi. Maneno ya simu hayana wa kuyathibitisha.

Halafu angalia kalenda. Kwa Airbnb, ombi la fidia linatakiwa liwasilishwe ndani ya siku 14 tangu mgeni aondoke. Linakwenda kwa mgeni kwanza, naye ana saa 24 za kujibu. Akikataa, akinyamaza au akilipa pungufu, unawaita Airbnb waamue. Kama programu yako ni nyingine, soma masharti yake usiku huu, maana muda na utaratibu hutofautiana. Kuingia kwa wageni wapya hakujafuta haki yako kule Airbnb, ila kumempa huyu bwana pa kuchomokea: anaweza kusema walioharibu ni hao wa pili. Ndiyo maana zile picha ulizopiga haraka haraka ni mali. Zihifadhi kama zilivyo kwenye simu, usizikate wala kuzipamba, kwa sababu tarehe na saa zimo ndani yake.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, maana havifanani.

Sofa ndiyo yenye nguvu. Mwite fundi wa sofa akuandikie gharama ya kubadilisha kitambaa sehemu zilizoungua, na ya sofa nzima endapo kitambaa cha aina hiyo hakipatikani tena. Tafuta risiti ya ununuzi. Kisha jikaze kwenye jambo ambalo wenyeji wengi hawalipendi: uchakavu. Sofa inayotarajiwa kudumu miaka kumi, nawe umeitumia mitano, usiidai kwa bei ya sofa mpya. Dai nusu, ueleze hesabu yako. Mkadiriaji akiona umepunguza mwenyewe bila kulazimishwa, hata madai yako mengine huyasoma kwa imani.

Kioo kina ubishi, na hapo utafute mashahidi wasio na upande. Je, mgeni aliyetangulia aliacha picha au maoni yanayosifia bafu? Anayekusafishia nyumba alikutumia ujumbe au picha kabla hawa hawajaingia? Na siku walipofika, ulimwuliza mgeni huyu kama kila kitu kiko sawa? Kama alijibu “safi kabisa, asante,” jibu hilo ni silaha yako, kwani ufa wa toka juu hadi chini hauwezi kumpita mtu anayeoga pale. Picha za tangazo pekee, hasa kama ni za zamani, hazitoshi.

Godoro nina mashaka nalo. Kama doa linaondoka, dai gharama ya kusafisha tu. Kama halitoki, msafishaji aandike hivyo kwa mkono wake, ndipo udai godoro, nalo kwa kupunguza uchakavu.

Usidanganywe na ukubwa wa kinga inayotangazwa. Mwaka 2011, baada ya nyumba ya mwenyeji mmoja wa San Francisco kuporwa na kuharibiwa, Airbnb iliweka dhamana ya dola 50,000 za Marekani; tangu 2022 kiwango cha juu ni dola milioni 3. Lakini hicho ni kikomo tu, nayo haiitwi bima, na uchakavu wa kawaida haumo. Bima yako ya nyumba nayo ichunguze: nyingi hazilipi hasara iliyoletwa na wageni wa kulipia, isipokuwa uwe uliongeza kipengele hicho. Wakikulipa pungufu, omba sababu kwa maandishi kisha ukate rufaa kwa kuleta ushahidi uliokosekana, si kwa kurudia malalamiko. Mahakama ya madai madogo, pale ilipo, iwe ya mwisho, na upime kama kiasi kinachobaki kinalingana na usumbufu wake.

Maoni andika, tena kweli tupu: sofa iliunguzwa kwa sigara, na ndani hairuhusiwi kuvuta. Mwenyeji atakayempokea baadaye ana haki ya kujua.

Kimoja kisisubiri jibu la mtu yeyote. Kioo chenye ufa kinaweza kumwangukia anayeoga. Kipige picha upande wa ndani na wa nje, weka futi ya kupimia kando ya ufa, kisha ufunge bafu hilo au ukitoe. Ukilazimika kufuta nafasi zilizokwisha kuthibitishwa ili fundi afanye kazi, tunza ujumbe wa kuzifuta: pato ulilolikosa kwa sababu ya uharibifu linaweza nalo kuingia kwenye madai yako.