Riwaya fupi ya Kirusi yenye mwanamke jasiri

Dada, nimekuelewa: kikundi chenu cha wasomaji kinataka riwaya ya kihistoria ya Kirusi yenye mwanamke shupavu, nawe huna muda wa kitabu cha kurasa elfu. Chukua Binti wa Kapteni ya Pushkin, ya mwaka 1836. Mimi niliimaliza kwa siku mbili.

Usikate tamaa mapema na Masha, yule binti wa kapteni mwenyewe. Mwanzoni ni binti mpole anayeogopa mlio wa mzinga. Kisha uasi wa Pugachev dhidi ya serikali ya Urusi (1773–1775) unaifikia ngome yao, wazazi wake wanauawa, na Shvabrin, ofisa wa ngome aliyejiunga na waasi, anamfungia ndani ili akubali kuolewa naye. Anakataa katakata. Baadaye mchumba wake, Grinyov, anahukumiwa kwa usaliti, na mahakamani hataki kulitaja jina la Masha. Ndipo yule mwoga wa mizinga anafunga safari hadi Tsarskoye Selo, penye kasri la kifalme, kumwombea msamaha kwa malkia Catherine wa Pili. Ukurasa wa wao wawili kukutana bustanini usomeni kwa sauti.

Mama yake Masha, Vasilisa, msimsahau. Mumewe ndiye kapteni, lakini ngome anaiendesha yeye!

Andika majina pembeni, maana Warusi huitana kwa jina na la baba, utachanganyikiwa. Pia kuna watu kunyongwa. Kama kuna mwenzenu aliyetoka vitani, mwambie kabla. Kuhusu uasi wenyewe muulizeni mwalimu wa historia, kwani Pushkin amechanganya kweli na ubunifu.